Vidonge vya moyo, yoga na misuli inayochoka: maswali yanayorudi kila wiki

Mimi ni mfamasia. Asubuhi natoa dawa kwenye kliniki ya presha na moyo, na jioni mbili kwa wiki naongoza kikundi kidogo cha yoga, watu kumi na kitu na mikeka yao kwenye ukumbi wa mtaa. Kwa hiyo maswali haya nayasikia pande zote mbili. Dirishani wananiuliza kama yoga inaweza kuwaondolea vidonge. Mkekani wananiuliza kama vidonge ndivyo vinavyowalegeza misuli. Nimekusanya hapa yanayorudi zaidi.

Kati ya dawa na yoga, kipi kinausaidia moyo zaidi?

Ukinibana nichague kimoja kwa mtu ambaye presha yake tayari iko juu, au amewahi kupata shambulio la moyo, nachagua vidonge bila kusita, na nasema hivyo nikiwa mtu anayeipenda yoga. Vidonge vimepimwa kwa kipimo kigumu kuliko vyote: nani yu hai baada ya miaka kadhaa. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika nchi za Skandinavia kwa wagonjwa wa moyo 4,444. Nusu walipewa simvastatini ya kushusha mafuta kwenye damu, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Baada ya miaka mitano na ushei, upande wa kidonge kitupu walikuwa wamefariki watu 256. Upande wa simvastatini, 182.

Yoga nayo imepimwa, na waliojitahidi kuipima kwa uzito ni Wahindi wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 3,959 waliotoka kupata shambulio la moyo, kwenye vituo 24 vya India, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa yoga kwa vipindi 13, jingine lilipewa ushauri tu. Wote waliendelea na dawa zao. Vifo, mashambulio mapya na viharusi havikupishana kiasi cha kuthibitisha kwamba yoga ndiyo iliyookoa. Ila waliofanya yoga walijisikia wazima zaidi, na walizirudia shughuli zao za zamani vizuri zaidi. Hilo mimi silidharau hata kidogo. Ninao wagonjwa ambao moyo wao umetengemaa lakini wanaogopa kupanda ngazi, wanaogopa kubeba mjukuu, wanaogopa hata kulala na wenzi wao. Kidonge hakiwezi kumtoa mtu hofu hiyo.

Kwenye presha, yoga inayofanywa kwa kudumu, hasa yenye pumzi za taratibu, hushusha namba ya juu kwa pointi chache, tano hivi. Kidonge kimoja cha kawaida hushusha karibu mara mbili ya hapo. Mwenye 138 pointi tano zinaweza kumfaa sana. Mwenye 175 akitegemea pointi tano anabaki hatarini, tena akijiona ameshajitibu.

Tangu nianze yoga presha yangu inasoma 124 kwa 78. Kwa nini niendelee kumeza?

Kwa sababu hiyo 124 umeipata ukiwa unameza. Nyumba ikikaa kavu wakati wa masika, hakuna anayeng'oa bati kwa kuwa ndani hakuvuji.

Hata hivyo swali lako ni la haki, na wapo watu ambao dozi yao hupunguzwa. Mtu amepungua uzito, amepunguza chumvi, anatembea, anafanya yoga, na namba zinakuwa chini kiasi cha kumpa kizunguzungu akisimama. Huyo anastahili kupunguziwa. Inafanywa na daktari, hatua moja moja, kwa kufuata vipimo vya nyumbani vya wiki kadhaa. Kipimo kimoja ulichochukua mara tu baada ya kulala chali mkekani ukiwa umetulia hakitoshi. Muda huo karibu kila mtu presha yake hushuka.

Kipimo cha kuaminika hakina siri. Kojoa kwanza. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kaa dakika tano umeegemea kiti, nyayo zimegusa sakafu, miguu haijapishana, mkono umelala mezani usawa wa moyo, na usizungumze. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, uandike kwenye daftari.

Kuna dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari yenyewe. Atenololi, propranololi, bisoprololi na ndugu zao hushika moyo kama breki. Ukiiachia breki mara moja, moyo hukimbia, kifua hubana, na mwenye mishipa iliyoziba anaweza kupata shambulio siku chache baadaye. Hizi hupunguzwa polepole, kamwe haziachwi kwa siku moja.

Nimeanza dawa ya mafuta na sasa misuli inauma. Ni dawa?

Hili ndilo swali kubwa, na hapa naomba unisome taratibu.

Statini, yaani atorvastatini, simvastatini, rosuvastatini na wenzake, kweli zinaweza kuumiza misuli. Hofu ya watu ina chanzo. Mwaka 2001 statini mojawapo, serivastatini, iliondolewa sokoni duniani kwa sababu ilikuwa ikiyeyusha misuli ya baadhi ya wagonjwa hadi figo kufeli, na wengine walikufa. Kwa zile zilizobaki jambo hilo ni nadra sana, lakini lipo, na dalili yake uikariri: maumivu makali na udhaifu wa misuli pamoja na mkojo wa rangi ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea au soda nyeusi. Hapo unaacha dawa siku hiyo hiyo na kwenda hospitali.

Maumivu ya kawaida ni habari nyingine. Mwaka 2022 zilikusanywa takwimu za tafiti kubwa ambazo watu hawakujua wanameza statini au kidonge kitupu. Waliolalamika misuli kwenye statini walikuwa asilimia 27.1. Kwenye kidonge kitupu, asilimia 26.6. Soma tena namba hizo. Maana yake ni kwamba zaidi ya robo ya watu wa umri huo huumwa misuli hata hivyo, na katika kila kumi wanaoilaumu statini, tisa na zaidi chanzo chao kiko kwingine. Nyongeza kidogo inayotokana na dawa yenyewe ilionekana zaidi mwaka wa kwanza wa kutumia.

Upo utafiti mwingine wa London ambao huwa nawasimulia wagonjwa wakiwa wamekaa. Walichukuliwa watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja alipewa chupa 12, moja kwa kila mwezi, kwa mpangilio asioujua: nne zina atorvastatini, nne zina vidonge vitupu, nne hazina kitu kabisa. Kila siku walijipa alama ya ukali wa dalili zao, kutoka 0, yaani hakuna kitu, hadi 100, yaani mbaya kupita zote. Miezi isiyo na kidonge wastani ulikuwa 8. Miezi ya statini, 16.3. Miezi ya vidonge vitupu, 15.4. Kumeza tu, kwa mtu anayetarajia kuumia, kulileta karibu nyongeza yote ya maumivu. Nusu yao walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe walirudi kwenye dawa.

Naomba mtu asinielewe vibaya. Sisemi unaigiza. Maumivu hayo ni ya kweli kwenye paja lako, na usiku yanakuamsha kweli. Ninachosema ni kwamba kabla hujaacha dawa inayoulinda moyo, tutafute nani hasa anayekuumiza.

Maumivu ya statini yana sura yake. Hushika pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa: mapaja, nyonga, ndama, mabega. Huanza ndani ya wiki chache au miezi michache tangu uanze dawa au uongezewe dozi. Yakiwa upande mmoja tu, yakiwa kwenye kiungo, yakija na ganzi na mchomo wa sindano, mshukiwa ni mwingine: mgongo, sukari, baridi yabisi. Na yakianza siku mbili baada ya darasa lako la kwanza la yoga, basi ni yoga. Misuli iliyofanya kazi isiyoizoea huuma zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huachia.

Kuna kipimo cha damu kinachoitwa CK kinachoonyesha misuli inapoumia. Mazoezi makali peke yake huipandisha CK. Nimewahi kuona mtu akiachishwa statini kwa kipimo kilichochukuliwa asubuhi baada ya kushinda jana yake akilima. Ukitumwa kupima, pumzika mazoezi mazito siku chache kabla, na mwambie daktari ulifanya nini wiki hiyo. Omba pia waangalie tezi ya shingo. Tezi ikizembea, mwili huchoka, misuli hukaza, na kolesteroli nayo hupanda, kisha mtu anapewa statini ambayo kwa hali hiyo itamuumiza kwa urahisi zaidi. Ukiitibu tezi, mara nyingine yote matatu hutulia.

Ikithibitika ni statini, bado mlango haujafungwa. Dozi hupunguzwa, au inabadilishwa aina, na wengine huishia kumeza siku moja na kuruka moja. Wengi huipata iliyo rafiki na mwili wao.

Nikiwa kwenye statini, yoga itaniumiza misuli zaidi?

Hapana, ukianza kwa kiasi. Huko Nijmegen, Uholanzi, watu hutembea siku nne mfululizo, kilomita 30 hadi 50 kwa siku. Watafiti walilinganisha wanaotumia statini, wenye maumivu na wasio na maumivu, na wasiotumia kabisa. Misuli ya wote iliumia sawasawa. Kama matembezi yale hayakuwadhuru, kunyoosha mgongo mkekani kwako kusikutishe.

Mimi siumwi, nachoka tu. Miguu mizito kama nimebeba gunia. Sinywi dawa ya mafuta, ni ya presha.

Nionyeshe pakiti kwanza. Kwenye dawa za presha, uchovu una watu wake.

Wa kwanza ni zile dawa za breki nilizozitaja, atenololi na wenzake. Moyo ukizuiwa kukimbia, ukipanda mlima damu haiongezeki haraka kama zamani, miguu inaona. Kwa wengi hupungua baada ya wiki chache. Isipopungua, ipo njia ya kubadilisha dawa au saa ya kumeza. Na mgonjwa wa moyo uliochoka kusukuma damu anapoanza bisoprololi au kavedilolo huweza kujisikia mnyonge mwanzoni, lakini ni dawa inayomwongezea umri. Huyo namwomba avumilie na arudi aongezewe dozi kidogo kidogo.

Wa pili ni dawa za kukojoza: hidroklorothiazidi, na Lasix. Zinatoa maji na chumvi, na pamoja navyo madini ya potasiamu. Potasiamu ikipungua, ndama hukakamaa usiku, misuli hulegea, moyo nao huweza kudunda ovyo. Hapa ndipo wazee wetu wa pwani hushauri dafu, na hawajakosea. Dafu lina potasiamu nyingi, kama ndizi, maharage na mchicha. Ila tahadhari: losartani, enalaprili na spironolaktoni hufanya kinyume, huizuia potasiamu isitoke. Mwenye dawa hizo na figo dhaifu akinywa madafu kila siku anaweza kuijaza damu yake potasiamu hadi moyo usimame. Pima damu kwanza, dafu baadaye.

Amlodipini yenyewe hutuhumiwa sana kwa "miguu kuchoka", na mara nyingi ninapobonyeza kifundo cha mguu nakuta ni uvimbe, siyo misuli. Kulala chali na kuegemeza miguu ukutani kwa dakika kumi, kama tunavyofanya mwisho wa darasa, huupunguza kwa muda. Ukikusumbua sana, daktari atabadilisha dawa.

Baada ya mazoezi nikiumwa, nameza diklofenaki. Kuna ubaya?

Upo, na ndio ubaya ninaoukuta mara nyingi kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, huzuia dawa za presha zisifanye kazi, huufanya mwili ushikilie maji, na kwa mgonjwa wa moyo huongeza uwezekano wa shambulio. Ukiwa unatumia losartani au enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza, kisha ukaongeza diklofenaki, figo zako zinabanwa pande tatu kwa mpigo. Wapo waliokwenda hospitali kwa maumivu ya mgongo wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu.

Angalia mzunguko wenyewe ulivyo. Mtu anachoka misuli, anailaumu dawa ya presha, anaiacha. Anameza diklofenaki ya misuli. Presha inapanda kwa sababu mbili badala ya moja. Anakuja kwetu mdomo umepinda upande mmoja.

Tumia parasetamoli kwa dozi iliyoandikwa, au maji ya moto na taulo. Dawa ya kuchua kwenye sehemu ndogo kwa siku chache si mbaya kama kumeza.

Nimesikia balungi linagombana na dawa za moyo. Kweli?

Kweli, na liligunduliwa kwa bahati. Watafiti wa Kanada walikuwa wakijaribu dawa ya presha iitwayo felodipini, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe. Wakakuta dawa imejaa kwenye damu kuliko walivyotegemea. Balungi hufunga kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza dawa kabla haijaingia mwilini. Kwa simvastatini na kwa kiasi fulani atorvastatini, maana yake ni kwamba kidonge kimoja kinakuwa kama kadhaa, na misuli ndiyo inayolipa. Danzi nalo ni wa ukoo huo huo. Chungwa la kawaida, embe na pasheni havina shida hiyo.

Kikubwa zaidi ya balungi ni antibiotiki. Klarithromaisini, ile ya vidonda vya tumbo, na erithromaisini hufanya kitendo hicho hicho kwa nguvu zaidi. Hali kadhalika itrakonazoli ya fangasi. Ukiandikiwa mojawapo, sema kwamba unatumia statini. Kawaida statini husimamishwa kwa siku hizo chache, au unabadilishiwa antibiotiki.

Natumia ARV. Statini zinaniruhusu?

Zinakuruhusu, na huenda unazihitaji kuliko jirani yako. Utafiti mkubwa uliotoa majibu mwaka 2023, wenye washiriki 7,769 wanaoishi na VVU kutoka nchi 12, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba pitavastatini ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Hao walikuwa watu ambao hatari yao ya moyo ilihesabiwa kuwa ya chini au ya wastani tu. Cha kuangalia ni aina ya ARV. Zenye ritonavia haziendi kabisa na simvastatini. Dolutegravia haina ugomvi huo. Usione haya kutaja ARV zako dirishani. Tunaongea kwa sauti ya chini.

Uchovu huu unaweza kuwa moyo wenyewe?

Ndiyo, na ndiyo maana mgeni akija mkekani akasema "nachoka tu", simpi mkao wowote kabla sijamuuliza haya. Unalala na mito mingapi? Unaamka usiku kutafuta hewa? Viatu vinabana jioni? Umeongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu bila kula zaidi? Mambo hayo, pamoja na uchovu, yanaashiria moyo ulioshindwa kusukuma damu. Huyo anakwenda kupimwa, yoga itamsubiri.

Naomba sana tuwaangalie wazazi wapya. Mwanamke aliyejifungua juzi akisema anachoka na anahema, majirani humwambia ni uzazi, ni kunyonyesha, ni kukosa usingizi. Upo ugonjwa wa moyo kupanuka unaoanza mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua, na Afrika tunao wengi. Mama anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi hahitaji supu ya pweza, anahitaji kipimo cha moyo. Vivyo hivyo kijana wa shule anayeachwa nyuma na wenzake uwanjani: mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa huharibu milango ya moyo kimya kimya. Taasisi kama ile ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, au Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, huwapokea wengi wakiwa wamechelewa.

Upungufu wa damu na sukari navyo huchosha misuli. Vipimo vyake ni vya bei ndogo. Anza navyo.

Kifua kikibana, maumivu yakienda mkono au taya, jasho jembamba likitoka, au ukizimia: usisubiri kliniki ya Jumanne. Nenda sasa.

Nianze na yoga ipi, na ipi niiache?

Anza na pumzi, ukiwa umekaa kwenye kiti cha kawaida. Vuta kwa pua ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, bila kubana katikati. Hiyo ni mizunguko sita kwa dakika, mwendo ambao moyo na vihisi vya presha shingoni huelewana vizuri. Dakika kumi. Kisha simama wima kama nguzo, nyayo zimekanyaga sawasawa, inua mikono taratibu na uishushe. Simama mguu mmoja ukishika ukuta, mkao wanaouita mti. Lala kifudifudi uinue kifua kidogo kama nyoka aliyesikia mtu. Malizia chali, mikono pembeni, dakika tano bila kufanya lolote. Watu hudharau sehemu hii, na mimi ndiyo ninayoilinda kuliko zote.

Ukitoka chini, geukia ubavu, kaa, subiri, ndipo usimame. Dawa za presha hufanya damu ichelewe kufika kichwani, na nimewahi kumdaka mzee wa watu akiwa njiani kwenda sakafuni.

Acha kusimama kwa kichwa kama presha yako haijatulia. Mwenye presha ya macho asiinamishe kichwa chini kabisa, maana presha ya jicho hupanda. Acha kuzuia pumzi kwa muda mrefu, na zile pumzi za haraka za kupuliza tumbo. Acha vyumba vya joto kama unatumia dawa ya kukojoza. Hali ya hewa yetu inatosha kukukausha. Uliyepasuliwa kifua, subiri ruhusa ya daktari wako, kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu. Na kama unatumia dawa za breki, usihesabu mapigo kujua umefanya kazi kiasi gani, yatakudanganya. Pima kwa maneno: ukiweza kuongea sentensi nzima, mwendo ni mzuri.

Yoga inatosha kuwa mazoezi yangu ya wiki?

Yoga laini, peke yake, hapana. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kutoa jasho kidogo, na mikao mingi ya yoga haifiki huko. Ongeza kutembea kwa haraka, baiskeli, au kuogelea kama uko karibu na maji. Anayechota maji na kulima kila siku tayari moyo wake umepata mazoezi; kwake yoga ni ya kunyoosha mgongo na kupumzika, na anaistahili kuliko mtu wa ofisini.

Yoga si ibada? Mimi ni Mwislamu, mke wangu Mkristo.

Yoga ilizaliwa India ndani ya dini za huko, huo ni ukweli na sitaki kuuficha. Viongozi wa dini wametofautiana. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye ibada na mantra, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliruhusu ifundishwe kama mchezo. Mwulize shehe wako au mchungaji wako, mimi si wa kukuamulia.

Ninaloweza kukupa ni hili. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka mantra ya yoga. Vyote viwili vilishusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika, na vyote viwili viliimarisha jinsi mwili unavyoisawazisha presha. Kilichofanya kazi ni mwendo wa pumzi. Kwenye kikundi changu hatuimbi mantra, tunahesabu namba. Mama mmoja huvuta uradi wake kimoyomoyo, mwingine huhesabu majina ya wajukuu.

Lakini yoga ni ya asili, vidonge ni kemikali.

Statini ya kwanza ilitoka kwenye ukungu. Akira Endo, Mjapani, alipekua maelfu ya aina za kuvu hadi akaipata mwaka 1973, kutoka kwenye jamii ile ile ya kuvu iliyotupa penisilini. Digoksini ya moyo inatoka kwenye jani la mmea uitwao digitalis, na daktari Mwingereza William Withering aliandika kuhusu jani la ukoo huo mwaka 1785. India iliyotupa yoga ilitupa pia mzizi wa sarpagandha. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil aliandika jinsi alivyoutumia kwa wagonjwa wa presha, na ndani yake ikatolewa reserpini, mojawapo ya dawa za mwanzo kabisa za presha. Ni ya asili kabisa, na ilijulikana kwa kuwatia watu uchovu na huzuni. Asili haikuwahi kuahidi kutotuchosha.

Mwalimu wangu wa yoga amesema niache vidonge vyote.

Badilisha mwalimu.

Nikienda kliniki kuhusu uchovu wangu, niseme nini?

Tia kila unachomeza kwenye mfuko mmoja uje nao: vya hospitali, vya dukani, vya mitishamba, hata vile vya jirani. Andika ulianza kila kimoja lini na uchovu ulianza lini. Tarehe hizo mbili zikikaa pamoja kwenye karatasi hutuonyesha mengi kuliko nusu saa ya maelezo. Lete daftari la presha. Sema unafanya yoga ipi na mara ngapi. Na kama umeshaacha dawa, sema umeacha, tangu siku gani. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza, njoo dirishani kwangu tuongee. Tukidhani unameza kumbe humezi, tutakuongezea dozi ambayo siku utakapoimeza yote itakuangusha.